Chembe ndogo zinazoweza kuondoa klorini kwenye mafuta ya presi

Sinki la jikoni la stenlesi huanza kama bamba bapa lenye unene wa takriban milimita moja. Presi, mashine ya kukandamiza, hulisukuma ndani ya kalibu, yaani umbo gumu linalolipa sura, nalo linavutika hadi kuwa bakuli lenye kina. Stenlesi hung'ang'ania kalibu vibaya. Mafuta yanayopakwa kati yao yakishindwa kazi, vipande vya bamba hubaki vimeganda kwenye kalibu, na sinki linalofuata hutoka na mikwaruzo mirefu.

Kwa miaka mingi viwanda vimetegemea mafuta yenye parafini za klorini. Msuguano ukipandisha joto, klorini huungana na chuma na kufanya utando mwembamba unaotenganisha bamba na kalibu. Kazi inakwenda vizuri, lakini kemikali hizi haziozi upesi, na hujilimbikiza katika miili ya samaki na wanyama. Mwaka 2017 Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu kemikali sumu zisizooza upesi, uliziweka zile za mnyororo mfupi wa kaboni kwenye orodha ya kemikali za kutokomezwa. Mwaka 2025 zikafuata za mnyororo wa kati, pamoja na misamaha kwa baadhi ya matumizi.

Ndiyo maana watafiti wanazitazama chembe nano za kuchanganya kwenye mafuta, zinazopimwa kwa sehemu za bilioni za mita. Molibdeni disulfidi na boroni naitraidi zina tabaka zinazoteleza kama karata mpya. Silika na kalsiamu kaboneti huziba mashimo madogo ya uso wa chuma. Huko Australia, Chuo Kikuu cha Wollongong kimejaribu maji yenye titani dioksidi badala ya mafuta katika kuviringisha chuma cha moto.

Kwa maoni yangu, ugumu mkubwa uko ndani ya pipa. Chembe hizi hupenda kugandana. Zikituama chini, juu hubaki mafuta matupu, na mabonge yakifika kwenye kalibu huikwaruza. Lazima kiwepo kiungo cha kuzitawanya, na kuzidisha kipimo huharibu.

Unga mkavu wa chembe hizi nao si wa kuchezea. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka titani dioksidi kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, hasa kwa sababu ya vumbi linalovutwa. Nunueni iliyokwisha kuchanganywa kwenye kimiminika, wala msipulize mashine kwa hewa ya kompresa.

Msambazaji akisema mafuta yake ni rafiki kwa mazingira, mdai karatasi ya usalama, soma kama ina klorini, kisha muulize maji ya kuoshea masinki yatachujwa vipi kabla ya kufika mtaroni.