Kubadilishana chakula nako ni kuuza

Siku za kubadilishana vitu mitaani Kisumu, wengi hushikilia kwamba sheria ya chakula ni ya wenye hoteli: ukitoa sambusa ukapewa nguo za mtoto, hapo hapana biashara. Sivyo. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inahesabu kuwa ni kuuza hata kutayarisha chakula ili kibadilishwe, au kukitoa kwa malipo ya aina yoyote. Nguo ni malipo.

Kwa hiyo mpishi anahitaji cheti cha afya cha washika chakula, ambacho hupimiwa upya kila miezi 6. Kuhusu kibali cha meza, muulizeni mapema afisa wa afya ya umma wa kaunti.

Cheti, hata hivyo, hakilindi sufuria. Tatizo kubwa ni pilau ya alfajiri inayoliwa saa nane mchana. Mbegu za bakteria Bacillus cereus hustahimili kuchemka, huamka wali ukiwa vuguvugu, kisha bakteria huacha sumu isiyoondolewa na kupasha moto tena. Weka pilau juu ya nyuzi 60, kwenye jiko la makaa ikibidi. Hotipoti huhifadhi joto, haiongezi. Ukipika jana yake, tandaza wali kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie friji, chini ya nyuzi 5.

Mandazi makavu na mkate havina shida hiyo. Kachumbari ikatwe palepale.