Programu zilizokuja na laptopu: maneno ya mtaani na ukweli wake

Ukinunua laptopu hapa Kampala, iwe mpya au ile iliyotumika huko ng'ambo, ukiwasha tu unakuta programu kibao hujaziomba, na hapo kila rafiki anageuka fundi.

"Imekuja na mashine, usiguse." Hapana. Nyingi zimewekwa kwa sababu mwenye programu ameilipa kampuni iliyotengeneza laptopu. Magemu, vitu vya kujaribu siku 30, toa tu, hakuna kitakachoharibika.

"Ukitoa antivirasi virusi vitaingia." Hii ndo inawafunga wengi. McAfee imeisha muda, kila siku inakurukia na tangazo ulipe dola, na watu wanaivumilia kwa woga! Windows 10 na 11 zina Defender yake ndani, na hiyo hulala ikiona kuna antivirasi nyingine. Toa McAfee, restati, Defender inajiwasha yenyewe, we ingia Windows Security uhakikishe tu.

"Majina yanayojirudia ni takataka." Banange, hapa ndo watu wanaua mashine. Unaona Microsoft Visual C++ 2010 (vifurushi vya mafaili ambavyo programu nyingine huvitegemea), halafu 2012, halafu 2013, kila moja mara mbili, x86 (ya biti 32) na x64 (ya biti 64), unasema zote za nini nabakisha moja. Kumbe kila programu inaitafuta ile ya kwake, ya 2013 haifanyi kazi ya 2010, na x86 inatakiwa hata kama Windows yako ni ya biti 64. Ukifuta, kesho unafungua programu ya hesabu za duka inakuambia faili la MSVCP100.dll halipo, hiyo ni ya 2010 umeitupa. Ikishatokea, ishushe tena kutoka kwa Microsoft wenyewe, ni bure, sio hizo saiti zinazogawa dll moja moja.

Vitu vya Intel, Realtek, Synaptics navyo viache. Ni madereva, yaani programu zinazoendesha vifaa kama sauti, tachipadi na kadhalika. Usipojua kitu ni cha nani, Control Panel kwenye orodha ya programu kuna safu ya Publisher, soma hapo kwanza.

"Nimeshafuta aikoni." Umefuta njia ya mkato, programu bado ipo. Na kufuta folda yake ndani ya Program Files ni vibaya zaidi, inabaki nusu nusu.

"Ukishaitoa imeondoka yote." Si lazima, mara nyingi mabaki madogo hubaki bila madhara, ila kuna Superfish, programu ya matangazo iliyokuja na baadhi ya laptopu za Lenovo kati ya 2014 na 2015. Ukiitoa, cheti chake cha usalama kilibaki ndani ya Windows, na kwa cheti hicho mwizi angeweza kujifanya saiti ya benki na brauza isishtuke. Lenovo ilibidi watoe programu maalum ya kukisafisha. Ndo maana mashine iliyotumika mi napendelea ipigwe Windows upya.

"Ukitoa nyingi itakuwa na spidi." Inategemea. Programu iliyolala inakula nafasi ya diski tu. Zinazochelewesha ni zile zinazowaka pamoja na Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc uende Startup, zime hapo bila kufuta chochote. Na kama MB zinaisha ovyo ukitumia hotspoti ya simu, washa Metered connection (mpangilio wa Windows wa kubana data) kwenye mtandao huo.

Office ya majaribio? Itoe bila hofu, mafaili yako ya Word hayafutiki, na LibreOffice inayafungua bure.