Gongo la Nyota Silo Gongo la Dukani: Dhana Potofu Kuhusu Vifaa vya Hoki ya Barafuni

Gongo la kaboni la daraja la juu siku hizi linazidi dola 300 za Marekani, na mtoto wa miaka 12 anaweza kulivunja siku ya kwanza ya mazoezi. Wazazi wanalijua hilo na bado wanalinunua, kwa kuwa mtoto amemwona mchezaji anayempenda akilishika kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada. Nimeufuatilia mchezo huu kwa muda mrefu, na naona fedha nyingi za familia zikipotea kwa mambo yanayosemwa kila siku bila kuchunguzwa. Mengine yana chembe ya ukweli ndani yake, na hayo ndiyo yanayodanganya zaidi.

Dhana: Gongo linaloonekana kwenye televisheni ndilo hilohilo lililotundikwa dukani.

Rangi ni ileile, na maandishi ni yaleyale. Kilicho ndani mara nyingi ni kitu kingine.

Mchezaji wa NHL hutengenezewa gongo lake kwa vipimo vyake: urefu, uzito, ugumu wa mpini, umbo la bapa (ile sehemu pana ya chini inayopigia), hata jinsi mpini unavyokaa mkononi. Akishalizoea hataki libadilishwe. Kampuni nayo inataka aonekane na toleo jipya, kwa kuwa matoleo hubadilishwa kila baada ya muda mfupi na toleo la zamani hushushwa bei. Suluhisho lao ni rangi. Kiwanda hutengeneza gongo lilelile alilolizoea, kisha hulipaka sura ya toleo la mwaka huu. Mtazamaji anaona bidhaa mpya, ilhali mchezaji ameshika gongo lake la miaka mitatu iliyopita. Msimu ukiisha, klabu huuza magongo yaliyobaki, na wanaoyanunua na kuyapima ndio wanaoligundua jambo hili.

Mkunjo wa bapa una hadithi yake. Kwa miaka mingi kampuni ziliyapa maumbo ya mabapa majina ya wachezaji. Umbo lilelile, au linalokaribiana nalo sana, lingeweza kuitwa Naslund kwenye gongo la Bauer na Sakic kwenye gongo la Easton. Leo tunaliita P92, na ukienda dukani utasikia pia maumbo mengine, P88 na P28. Mfano ninaoupenda ni wa Sidney Crosby, nyota wa NHL. Umbo la P29 la kampuni ya CCM limeuzwa kwa jina lake, na lina mkunjo wa wastani unaofunguka kuelekea ncha. Bapa la Crosby mwenyewe limenyooka karibu kama rula, kwa sababu anatumia sana upande wa nyuma kupiga na kupasia. Kijana aliyelinunua "gongo la Crosby" ili acheze kama yeye alipewa kifaa kinachomfundisha mchezo tofauti kabisa na wa Crosby.

Dhana: Nikichukua ugumu uleule wa mpini anaoutumia yeye, nitapiga kama yeye.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo watoto wanapoumizwa zaidi na uigaji.

Namba iliyoandikwa kwenye mpini inaeleza nguvu inayohitajika kuupinda. Namba 85 maana yake ni kwamba zinahitajika ratili 85, yaani kama kilo 38 na nusu, kuupinda mpini huo kwa inchi moja. Mpini hufanya kazi kama upinde: unaukandamiza kwenye barafu, unapinda, kisha unajirudisha na kukisukuma kisahani, kile kidude bapa kinachochezewa badala ya mpira. Usipoweza kuupinda, umeshika mti mkavu tu.

Sasa waangalie wataalamu wenyewe. Zdeno Chara, beki mwenye urefu wa sentimita 206, alitumia mpini mgumu kupita kiasi, na mwaka 2012 alipiga shuti la maili 108.8 kwa saa, yaani takriban kilomita 175, kwenye mashindano ya ustadi ya NHL. Phil Kessel alijulikana kwa jambo la kinyume: mpini laini wa namba karibu na 70, ambao wachezaji wengi wa utu uzima wangeuona wa mtoto, na akafunga mabao mengi nao kwa shuti la haraka la kifundo cha mkono. Al MacInnis alishinda shindano la shuti kali mara 7 akiwa na gongo la mbao, na bado aliendelea kushinda wakati wenzake walishaanza kuuacha mti. Watu watatu, vifaa vitatu visivyofanana hata kidogo. Ukimwiga mmoja wao, umeiga mwili wake, mazoezi yake na nafasi yake uwanjani, vitu ambavyo havimo ndani ya mfuko uliotoka nao dukani.

Kipimo cha kuanzia ambacho wauzaji wengi makini hukitumia ni nusu ya uzito wa mchezaji kwa ratili. Kijana wa ratili 110 aanze na namba 55 hivi. Tena akumbuke kwamba ukiukata mpini ili ulingane na kimo chake, unazidi kuwa mgumu. Mzazi anayenunua gongo refu la namba 75 kisha akalikata inchi nne amemnunulia mwanawe kitu kigumu kuliko namba inavyosema.

Dhana: Kila mchezaji wa NHL analipwa na kampuni ambayo nembo yake anaivaa.

Wachache ndio wanaolipwa fedha za maana. Crosby alisaini na Reebok mwaka 2005 akiingia ligini, na mikataba ya namna hiyo hupewa watu wa kiwango chake. Kwa wengine walio wengi, klabu ndiyo inayonunua magongo na viatu kama sehemu ya gharama za timu. Kwa hiyo mchezaji wa mstari wa nne, kundi la mwisho la washambuliaji, anayevaa nembo fulani huenda ameichagua kwa kuwa kiatu kimemkaa mguuni, basi. Kwa maoni yangu, chaguo la mchezaji huyo asiye na jina ni ushahidi bora kuliko tangazo la nyota.

Kuna jambo jingine lisilojulikana sana. Kampuni hulipia leseni ili nembo yake ionekane kwenye mechi za NHL. Hivyo wingi wa nembo unaouona kwenye skrini unaeleza pia nani ameweza kulipa. Kwa upande wa makipa, nembo inaweza kuhama huku fundi akibaki yuleyule: pedi za familia ya Lefebvre wa Quebec zimewahi kubeba majina ya Koho, Reebok na CCM, na baadaye familia hiyo ikahamia kampuni ya True. Kipa aliyependa pedi zile alikuwa anapenda mikono ya mafundi wale, ajue asijue.

Dhana: Kampuni ikimpata nyota mkubwa, au ikiwa kubwa yenyewe, mauzo yamehakikishwa.

Nike iliinunua kampuni iliyokuwa ikimiliki Bauer katikati ya miaka ya 1990 kwa dola milioni 395. Hakuna kampuni duniani inayojua kumuuza mwanamichezo kuliko Nike. Mwaka 2008 iliiuza Bauer kwa dola milioni 200. Adidas nayo, iliyoipata CCM kupitia Reebok, iliiuza mwaka 2017 kwa dola milioni 110, ingawa Crosby alikuwa upande wao.

Kisa cha Easton kinanigusa zaidi. Wayne Gretzky alilichukua gongo lao la alumini mwaka 1990, likang'aa kama fedha mikononi mwa mchezaji mwenye pointi nyingi zaidi (mabao na pasi za mabao) katika historia ya NHL, na kila uwanja wa watoto ukawa na magongo yanayong'aa. Miaka kama 10 baadaye wakatoa Synergy, gongo la kaboni la kipande kimoja, na ndani ya misimu michache karibu NHL nzima ikawa imeacha mti. Wangepaswa kutawala milele. Washindani wakajifunza ufundi uleule, wakatengeneza magongo mepesi zaidi, na mwaka 2016 Bauer ikaununua upande wa hoki wa Easton. Jina hilo likatoweka barafuni. Mwaka huohuo kampuni mama ya Bauer yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Nyota humvuta mnunuzi mpaka mlangoni mwa duka. Akishaingia ndani, anakutana na muuzaji anayempima mguu, mwenzake wa timu aliyevunja magongo mawili ya aina hiyo mwezi uliopita, na bei.

Dhana: Basi ushawishi wa wachezaji ni propaganda tupu.

Hili nalo nalikataa, na kwa nguvu ileile. Mara kadhaa wachezaji wameibadilisha biashara nzima, na hawakuifanya kwa kusaini mkataba wa matangazo. Waliifanya kwa kujaribu kitu uwanjani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Stan Mikita wa Chicago alipasua bapa la gongo lake mazoezini. Likapinda. Akapiga nalo kwa hasira, akaona kisahani kinaruka kwa namna ya ajabu. Yeye na Bobby Hull wakaanza kuyapinda mabapa yao makusudi, na makipa wakaingiwa na hofu. Watoto walitaka magongo yaliyopinda, viwanda vikayatengeneza, mpaka NHL ikalazimika kuweka mipaka: inchi moja na nusu mwaka 1967, kisha nusu inchi mwaka 1970, na robo tatu ya inchi tangu 2006. Leo ukitafuta gongo lenye bapa lililonyooka kabisa utahangaika.

Tarehe 1 Novemba 1959, kipa Jacques Plante wa Montreal alipigwa usoni na shuti la Andy Bathgate huko New York. Akashonwa, akakataa kurudi uwanjani bila barakoa aliyokuwa akiitumia mazoezini. Kocha wake, Toe Blake, hakuipenda, lakini hakuwa na kipa mwingine. Kufikia mwaka 1974 kipa wa mwisho asiyevaa barakoa katika NHL alikuwa ameondoka, na Plante mwenyewe akawa ameanzisha kampuni ya kuzitengeneza.

Karibu na zama zetu kuna Scott Van Horne wa Winnipeg, aliyekuwa akitengeneza viatu vya barafuni vilivyofinyangwa kwa mguu wa mtu mmoja mmoja. Wachezaji wa NHL waliambiana vyumbani mwa kubadilishia nguo, wakaanza kumwendea, na mwaka 2016 kampuni iliyo nyuma ya jina la True ikainunua kazi yake. Kizuri chajiuza, na hapa kilijiuza kweli.

Dhana: Anachokivaa mtaalamu ndicho salama zaidi.

Gretzky alivaa kwa miaka yote helmeti ndogo ya Jofa kutoka Sweden, nyepesi, yenye pedi kidogo ndani. Aliizoea. Vijana wengi waliitamani kwa sababu yake, na ilikuwa miongoni mwa helmeti dhaifu za enzi hiyo. Mwaka 2015 watafiti wa Virginia Tech walipima helmeti 32 za hoki na kuzipa nyota. Hakuna hata moja iliyofikia nyota 4 wala 5, na bei kubwa haikuwa dalili ya ulinzi bora. Mchezaji mahiri huvaa alichokizoea. Akili yake iko kwenye mchezo, na mwili wake umeshakomaa.

Shingo ndiyo inayonihangaisha zaidi. Tarehe 28 Oktoba 2023, Adam Johnson wa Nottingham Panthers alikatwa shingoni na kiatu cha barafuni wakati wa mechi mjini Sheffield, Uingereza, akafariki. Kinga za shingo zilikuwepo madukani miaka yote hiyo. Ndani ya siku chache zikaisha. T.J. Oshie wa Washington, mmoja wa wamiliki wa kampuni ya Warroad inayotengeneza fulana zenye kinga hiyo, alitokea mechini ameivaa, na bidhaa hiyo ikamalizika ghalani. Wengine wachache wa NHL wakafuata. Shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni likaifanya lazima katika mashindano yake, na USA Hockey, chama cha hoki cha Marekani, ikaiamuru kwa vijana kuanzia Agosti 2024.

Wengi wa wachezaji wa NHL waliendelea kucheza shingo wazi, na kila mtoto aliyewatazama aliona hivyo. Makubaliano mapya kati ya ligi na wachezaji yanaifanya kinga hiyo kuwa lazima kuanzia msimu wa 2026-27, ila kwa wale tu ambao hawajacheza mechi hata moja ya NHL. Waliokwisha kucheza wataamua wenyewe. Miongoni mwao wamo karibu wote ambao watoto wamebandika picha zao ukutani.