Rezolusheni ya skrini kwenye Linux: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Laptopu nyingi zinazouzwa Nairobi kama "ex-UK", yaani zilizotumika kwanza Uingereza, mfano ThinkPad T440, EliteBook 840 na Latitude E7440, zilitoka kiwandani na vioo vya aina zaidi ya moja. Mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa moja ina pikseli (vinukta vinavyounda picha) 1366×768 na nyingine 1600×900 au hata 1920×1080. Mwenye nayo akishaweka Linux ya aina ya Ubuntu, Linux Mint au Debian, kisha aone maandishi makubwa au picha iliyovutika, lawama zote huenda kwa mfumo. Ushauri anaopewa hapo mara nyingi humpotezea muda, na wakati mwingine pesa.

"Kuna programu ya kuongeza rezolusheni"

Hakuna. Rezolusheni ni idadi ya pikseli, nayo imo ndani ya kioo chenyewe. Kioo cha 1366×768 kina pikseli 1,049,088. Cha 1920×1080 kina 2,073,600, karibu mara mbili. Kazi ya mfumo ni kufikia kikomo cha kioo tu, haiwezi kukipita. Kwa hivyo kabla ya jambo lolote, fungua terminali (dirisha la kuandika amri) kwa Ctrl+Alt+T uulize kioo kina nini:

`cat /sys/class/drm/card*-eDP-1/modes`

Kwa kawaida mstari wa kwanza ndio kikomo chako. Kwenye mashine za zamani kama ThinkPad T430, andika LVDS-1 mahali pa eDP-1; hayo ni majina ya aina mbili za kiunganishi cha skrini ya ndani. Amri hii inafaa hata kabla ya kununua: nenda dukani Luthuli Avenue au Moi Avenue na flashi yenye Linux Mint, washa laptopu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, kisha usome mstari huo kabla hujatoa pesa.

Kuna mbinu mbili zinazonakiliwa kila mahali. Ya kwanza ni kutengeneza hali mpya ya skrini (mode) kwa amri za `cvt` na `xrandr --newmode`, kisha kuilazimisha kwenye skrini ya ndani. Draiva ya Intel (programu inayoendesha kadi ya picha) hukataa hali inayozidi kioo, nawe unabaki na ujumbe wa "Configure crtc 0 failed". Hata ukiomba ukubwa halisi wa kioo chako, `cvt 1366 768` itakupa 1368, kwa sababu hesabu yake hutaka upana unaogawanyika kwa 8, na 1366 haigawanyiki.

Ya pili ni `xrandr --output eDP-1 --scale 1.2x1.2`. Hii huchora eneo kubwa zaidi, kisha hulibana liingie kwenye pikseli zilezile. Husaidia dirisha likiwa refu kiasi kwamba kitufe cha OK kimezama chini ya skrini. Kwa kusoma kutwa nzima haifai, kwani herufi hupoteza ukali.

"Ikibaki 1024×768, basi kadi ya picha imezeeka"

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa bure, maana kosa hili kwa kawaida hurekebishwa bila gharama. Kama kioo ni cha 1920×1080 lakini mipangilio inaonyesha chaguo moja tu, 1024×768 au 800×600, draiva ya picha haijapakiwa. Hakikisha hivi:

`lspci -k | grep -A3 VGA`

Kwenye Intel unatarajia kuona "Kernel driver in use: i915", kwenye AMD, amdgpu au radeon, kwenye NVIDIA, nouveau au nvidia. Mstari huo ukikosekana, andika `cat /proc/cmdline` na utafute neno `nomodeset`. Neno hilo huzuia kerneli (kiini cha mfumo) isipange skrini yenyewe, na mfumo hutumia ukubwa ule ule ulioachwa na BIOS wakati wa kuwaka. Chaguo la "safe graphics" kwenye flashi ya Ubuntu huliweka ili usakinishaji usikwame, na linaweza kubaki hata baada ya kazi kwisha.

Kuliondoa: `sudo nano /etc/default/grub`, nenda kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, futa `nomodeset` peke yake, uache alama za kunukuu na maneno mengine. Hifadhi, andika `sudo update-grub`, kisha zima na uwashe. Kwenye Fedora ni `sudo grubby --update-kernel=ALL --remove-args=nomodeset`. Utaona tofauti hata kwenye kasi, kwa sababu bila draiva ni prosesa inayochora kila kitu. Amri ya `glxinfo -B`, iliyo kwenye kifurushi cha mesa-utils, ikitaja "llvmpipe" ujue ndivyo ilivyo.

Wenye NVIDIA wana mtego wao. Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwaka, ikiwa imewashwa (`mokutil --sb-state` hukuambia), kerneli hukataa moduli (kipande cha draiva) isiyo na sahihi inayotambulika. Unaposakinisha draiva, Ubuntu hukuomba uweke nywila, na ukiwasha tena hutokea skrini ya buluu. Wengi hubonyeza "Continue boot" wakidhani ni hitilafu. Chagua "Enroll MOK", endelea, kubali, andika ile nywila, kisha uwashe upya. Ukiipita, draiva itakuwa imesakinishwa lakini haitapakiwa.

Kwa AMD kwenye Debian, angalia `sudo dmesg | grep -i firmware`. Ikilalamika kuhusu faili zilizokosekana, weka kifurushi cha firmware-amd-graphics. Tangu Debian 12 ya 2023, flashi rasmi ya usakinishaji huja na faili hizo. Matoleo ya kabla yake hayakuwa nazo.

"Pakua draiva kwenye tovuti ya Intel"

Hilo ni la Windows. Kwenye Linux draiva ya Intel imo ndani ya kerneli. Sasisha mfumo, basi.

"xrandr imeharibika"

Haijaharibika, ni kwamba haiongozi tena skrini. Linux ina mifumo miwili ya kuchora skrini, X11 ya zamani na Wayland mpya, na xrandr ni ya X11. Andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Jibu likiwa wayland, basi xrandr inaona skrini ya kuigiza tu, na kubadilisha ukubwa kunafanywa kwenye Mipangilio ya mfumo. Ubuntu imetumia Wayland kama chaguo la kwanza kwenye mashine nyingi tangu toleo la 21.04. Linux Mint yenye mazingira ya Cinnamon bado huanza na X11, na ndiyo maana amri ileile hufanya kazi kwa jirani na kugoma kwako. Kwenye X11 nako, mabadiliko ya xrandr hupotea ukitoka. Yaandike kwenye faili ya `~/.xprofile` ili yarudi kila unapoingia.

"Herufi zikiwa ndogo, punguza rezolusheni"

Usifanye hivyo. Ukikiweka kioo cha 1920×1080 kwenye 1366×768, pikseli moja ya picha hulazimika kutandazwa juu ya pikseli 1.4 za kioo kwa upana na kwa urefu, na ukungu hauepukiki. Acha rezolusheni ya asili, ukuze herufi: kwenye GNOME (mazingira ya Ubuntu) ni `gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.25`, kwenye Cinnamon kuna kipimo hichohicho katika mipangilio ya fonti. Kwa inchi 14, 1.15 hadi 1.25 huwatosha wengi.

"Projekta inaonyesha 1024×768 kwa sababu ya Linux"

Kwenye madarasa na kumbi za makanisa bado utakutana na projekta za kebo ya VGA, ile ya zamani yenye pini 15. Laptopu hujua uwezo wa projekta kwa kusoma taarifa zinazopita kwenye pini ya 12 na ya 15 za kebo. Kebo za bei nafuu wakati mwingine hazina waya wa pini hizo, na kebo iliyokunjwa kwa nguvu huweza kukatika hapo. Picha inapita, taarifa haipiti, na mfumo huchagua ukubwa wa tahadhari. Jaribu `cat /sys/class/drm/card*-VGA-1/edid | wc -c`. Ukipata 0, badilisha kebo. 128 au 256 ni dalili kwamba taarifa zimefika. Kama hakuna kebo nyingine na ibada inaanza, hapa ndipo `cvt` na `--newmode` zina kazi yake halali, mradi uko kwenye X11 na unajua ukubwa ambao projekta inaukubali.

"Kioo chochote cha inchi 14 chenye pini 30 kitaingia"

Njia pekee ya kupata pikseli zaidi ni kubadilisha kioo, na mafundi wa mjini wanaifanya kazi hii vizuri, lakini soketi kufanana hakutoshi. Mashine za LVDS, kama T430 na X230, hazipokei kioo cha eDP moja kwa moja. Kwenye eDP, angalia kebo. Njia moja ya data yenye kasi ya gigabiti 2.7 kwa sekunde hubeba gigabiti 2.16 za picha yenyewe. Kioo cha 1366×768 kwa rangi za biti 18 kinahitaji takriban 1.35, kwa hivyo njia moja inatosha. Cha 1920×1080 kinahitaji karibu 2.5, na lazima njia ziwe mbili. Baadhi ya laptopu za 1366×768 zilifungwa kebo ya njia moja, na kwa hizo utanunua kebo pia.

Soma nambari ya kioo kilichomo bila kufungua chochote: `edid-decode /sys/class/drm/card*-eDP-1/edid`. N140BGE na B140XTN ni 1366×768. N140HCE, B140HAN na LP140WF ni 1920×1080. Linganisha pia mahali soketi ilipo mgongoni mwa kioo, na masikio ya skrubu pembeni, kwani vioo vingine vyembamba havina.

Kabla fundi hajachomoa kebo, betri iondolewe, hata ile ya ndani. T440 ina betri ya ndani inayozimwa kupitia BIOS kwa "Disable Built-in Battery". Kuchomoa kebo yenye umeme huweza kuunguza fyuzi ya taa ya nyuma, na skrini ikabaki giza ilhali picha ipo. Kioo kipya kijaribiwe kabla ya kurudisha fremu: washa, soma tena mstari wa kwanza wa `modes`, ongeza mwangaza hadi mwisho, kisha fungua na kufunga kifuniko polepole mara kadhaa. Picha ikikatikakatika kwenye pembe fulani, kebo inabanwa kwenye bawaba na inapaswa kupangwa upya hapohapo.