Mbona Chile wana shaba na Tanga tuna chokaa? Kingo za bara na madini yake

Bahari tunayo, Chile nao wanayo, ila wao wanatoa karibu robo ya shaba yote ya dunia na sisi Tanga tunachimba chokaa ya saruji. Ishu siyo bahati wala kwamba hatujatafuta vizuri, ishu ni ukingo wa bara lenu ni wa aina gani.

Ganda la dunia limekatika vipande vikubwa, mabamba, na yanatembea sentimita chache kwa mwaka. Kule Chile bamba la Nazca linazama chini ya Amerika Kusini, na linashuka na maji yaliyofungwa ndani ya mawe yake, sasa likifika kama kilomita 100 chini joto na mgandamizo vinayakamua yale maji yanapanda kwenye mwamba wa moto ulio juu yake, na hapa ndo wengi wanachanganya, wanadhani mwamba unayeyuka sababu moto umezidi, kumbe maji ndo yameushushia joto la kuyeyukia. Huo mwamba ulioyeyuka ndo magma. Nyingine inatokea kwenye volkano za Andes, nyingi inakwama njiani.

Iliyokwama ndo yenye mali. Ikianza kuganda maji yanakosa pa kukaa, yanachomoka kama soda iliyotikiswa, yanapasua mwamba nyufa nyufa huku yamebeba shaba, salfa, saa nyingine na dhahabu, yakipoa yanaacha mzigo humo humo kwenye nyufa. Chuquicamata na Escondida ni migodi ya namna hiyo, na ujue shaba mara nyingi haifiki hata asilimia 1 ya jiwe, ila jiwe lenyewe ni kubwa mno ndo maana inalipa.

Kwetu sasa, hakuna bamba linalozama. Madagaska ilianza kuachana na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, bahari ikaingia katikati, basi, pametulia, kwa hiyo shaba ya Chile usiitegemee Raskazone, pale pwani ya mji wa Tanga. Tulichopata ni mashapo, yaani vitu vilivyotuama tabaka kwa tabaka majini, kama chokaa ya Amboni yenye yale mapango, na mchanga mzito mweusi uliochambuliwa na mito na mawimbi, wenye madini ya ilmenaiti na rutaili (yanayotoa titani) na zirkoni, huo hapo jirani Kwale upande wa Kenya walianza kuuchimba 2013.

Ila tusijidharau. Mawe ya bonde la mto Umba, kule kwenye vito vya yakuti na ganeti, yalipikwa na mabara kugongana kama miaka milioni 600 hivi iliyopita, enzi hizo hapa palikuwa katikati ya milima, pwani hata haipo.