"Ulipanda Ndege Kwenda Kusomea Kuruka Kamba?" Dhana Potofu Kuhusu Shahada za Juu za Sayansi ya Mazoezi

Mjomba wangu anachoma nyama karibu na Sabasaba, hapa Dodoma. Wiki niliyorudi na shahada yangu ya uzamili alinikatia mbavu, akamwaga chumvi pembeni ya ubao, kisha akapaza sauti wateja wote wasikie: "Hivi mjomba, ni kweli ulipanda ndege kwenda kusomea kuruka kamba?" Watu wakaangua kicheko. Sikumjibu, mdomo ulikuwa umejaa.

Simlaumu. Kinesiolojia, fani niliyoisomea, ni jina zito, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mwendo. Ukilirahisisha ukasema "sayansi ya mazoezi", mtu aliyesoma shule za huku anaona mchakamchaka wa alfajiri, vumbi, na mwalimu wa zamu na fimbo yake. Maneno yanayofuata nayasikia kwa jamaa, kwa wanafunzi wanaokuja kuomba ushauri, hata kwa watu wa afya ambao nilidhani wanajua.

"Hiyo ni kozi ya wanamichezo"

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamili nilikimbia kidogo kuliko mwaka wowote wa maisha yangu. Nilikuwa nakimbiza wenzangu. Mtu anapanda mashine ya kukimbilia, unamfunga mkanda wa kupima mapigo kifuani, unamvisha barakoa yenye mrija, na kompyuta inasoma oksijeni anayoitumia na kabonidayoksaidi anayoitoa. Kila baada ya dakika chache unaongeza kasi au mwinuko. Kwa kuwa hawezi kusema na barakoa, unamwonyesha karatasi yenye namba kuanzia 6 hadi 20, naye anagusa kwa kidole ile inayolingana na anavyojisikia.

Namba hizo zilipangwa na Msweden Gunnar Borg, na hazikuanzia 6 kwa bahati mbaya. Ukizidisha kwa kumi unakaribia mapigo ya moyo ya kijana mzima kwa dakika: 6 ni kama 60 akiwa ametulia, 20 ni kama 200 akiwa amefika mwisho. Sasa, mtu anagusa 17 huku kompyuta inasema mapigo 120. Mkanda umelegea? Anatumia dawa inayopunguza mapigo? Au amechoka kukutazama tu na anataka ashuke? Hapo ndipo shahada ilipo. Kuwasha mashine hata mlinzi wa jengo anaweza.

Muda uliobaki ulikwenda kwenye takwimu. Darasani nilikaa kati ya muuguzi na mhandisi wa mitambo. Huyu wa pili alikuja kupima nguvu zinazopita kwenye goti mtu anapotua chini baada ya kuruka. Wapo wanaosomea saikolojia ya michezo, wapo wanaochunguza jinsi ubongo unavyoongoza misuli, wapo wa mazoezi kwa watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kijana uliyemaliza baiolojia au uuguzi pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), usijitoe mapema eti kwa sababu hukusoma elimu ya michezo kama wanaoisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Idara nyingi zinachotazama ni kama una anatomia, fiziolojia na takwimu. Likipungua mojawapo, wanakupa kozi ya kufidia.

"Andika tu kwamba unapenda michezo"

Ushauri huu niliufuata mimi mwenyewe. Barua yangu ya kwanza ya maombi ilianza na mpira wa makaratasi tuliokuwa tunacheza Bahi, ikapita kwenye ndoto, ikaishia kwenye shauku. Vyuo vitatu vikanikataa, na kimoja hakikujibu kabisa.

Barua ya pili niliandika kuhusu ndoo ya mama.

Mwaka 1986 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti uliofanyika Kenya kwa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu. Walitembea wakiwa na mizigo huku wakipimwa oksijeni. Ikaonekana kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote ya nguvu, kana kwamba hawakubeba kitu. Watafiti walipofuatilia zaidi katika miaka ya tisini, walieleza kuwa wabebaji hawa wanaubembeza mwili kama timazi kwa ustadi mkubwa, hivyo nguvu nyingi ya hatua moja inaingia kwenye hatua inayofuata badala ya kupotea.

Watu wakisikia hivyo wanashangilia: mnaona, mama zetu wameumbiwa kubeba! Hii nayo ni dhana potofu, tena yenye madhara. Piga hesabu. Mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 yake ni kilo 12. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji matupu, ndoo yenyewe hujaihesabu. Hiyo ni theluthi ya mwili wake. Juu ya kiwango kile gharama inapanda pamoja na mzigo, na shingo inalipa sehemu yake. Halafu watafiti waliopima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini hawakuukuta unafuu ule kwa ujumla: baadhi walikuwa na ustadi, wengi hawakuwa nao, na maumivu ya shingo yalikuwa malalamiko ya kawaida.

Nilimpima mama na ndoo yake kwa mizani ya kupimia mahindi, nikaandika namba mbili zile kwenye barua, nikauliza swali moja kuhusu umbali na mwinuko wa kutoka kisimani. Profesa mmoja alinijibu baada ya siku mbili. Msimamizi wa utafiti anatafuta mtu mwenye swali ambalo maabara yake inaweza kulipima. Habari za shauku anazisoma kila siku.

"Mazoezi ni ya kuchoma mafuta"

Hii ndiyo inayolisha jimu zote za mjini, na jibu lake moja zito limetoka hapa kwetu, kwa Wahadzabe wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi hadi upande wa Mkalama, Singida.

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nguvu wanazotumia Wahadzabe 30, watu wazima, kwa siku. Njia waliyotumia naipenda kuliko zote. Mtu anakunywa maji yaliyotiwa haidrojeni nzito na oksijeni nzito, kisha kwa siku kadhaa anatoa mkojo kidogo kwenye kichupa. Haidrojeni ile inatoka mwilini kwa njia ya maji peke yake. Oksijeni inatoka kwa maji na kwa pumzi pia, ikiwa ndani ya kabonidayoksaidi. Ukilinganisha jinsi kila moja inavyopungua, unajua mtu ametoa kabonidayoksaidi kiasi gani, na kutoka hapo unapata nguvu aliyotumia. Hakuna barakoa wala mashine. Mwenyewe anaendelea kuchimba mizizi na kufuata asali.

Matokeo: wanatembea mbali kuliko karani yeyote, lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu wanayotumia kwa siku haikuwa kubwa kuliko ya watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo ambayo Pontzer anayatetea, na ambayo wengine wanaendelea kubishana naye, ni kwamba mwili ukizoea kazi nyingi unabana matumizi kwingine. Kwa hiyo kukimbia nusu saa pale uwanja wa Jamhuri hakufuti chipsi mayai mbili za jana usiku. Moyo, sukari ya damu, mifupa na usingizi ni hesabu nyingine kabisa, na huko mazoezi yanalipa hata mizani isiposogea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za shughuli za wastani kwa wiki na kazi ya misuli siku mbili au zaidi. Kulima kumo. Kutembea kutoka Majengo hadi ofisini kumo.

"Kila mtu anajua mazoezi ni afya, kuna nini cha kutafiti?"

Kabla ya 1953 haikuwa inajulikana hivyo. Mwaka huo Jerry Morris na wenzake walichapisha takwimu za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na konda wako kwenye gari moja, hewa moja, na kipato hakipishani sana. Dereva amekaa, konda anapanda na kushuka ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku. Makonda walikuwa na ugonjwa wa moyo mchache kuliko madereva, na ulipowapata ulichelewa.

Mtu wa kijiweni angeishia hapo. Lakini je, kama wanene ndio waliochagua udereva tangu mwanzo? Morris na wenzake wakaenda kwenye stoo ya sare, wakatazama vipimo vya viuno vya suruali. Kweli, madereva walikuwa na viuno vikubwa zaidi, tangu wakiwa vijana. Hoja ilitikisika. Wakarudi kulinganisha wenye maumbo yanayofanana, na tofauti ya vifo vya ghafla vya moyo ikabaki palepale. Nikifundisha, hadithi ya suruali ndiyo naikalia kipindi kizima, maana hapo wamejitafutia wenyewe shimo la kuangukia.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama basi makonda wa daladala zetu wamepona. Konda wa Dodoma hapandi ngazi. Anasimama mlangoni, anapiga bodi, anakula moshi na jua. Huwezi kumvika suruali ya London.

Za haraka haraka

"Misuli inauma kesho yake kwa sababu ya asidi ya laktiki." Hapana. Laktati, yaani asidi hiyo ilivyo ndani ya mwili, inarudi kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kazi, na misuli na moyo huitumia kama kuni. Maumivu ya kesho na keshokutwa yanatokana na michubuko midogo na uvimbe kwenye misuli, hasa ile iliyofanya kazi huku inarefuka. Panda kilima cha Mlimwa, ushuke kwa mbio, kisha uniambie kesho mapaja yanasemaje. Ni kule kushuka.

"Ukitoka jasho jingi umefanya kazi, usipotoka hujafanya." Miezi ya Julai na Agosti upepo mkavu wa Dodoma unakausha jasho kabla hujaliona. Limetoka, na maji yamepotea. Wale wanaokimbia wamejifunga nailoni wanapunguza maji, ambayo watayarudisha kwa chupa mbili.

"Dodoma iko juu, ndiyo maana kanda ya kati ina wakimbiaji." Mji uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kambi za kuzoesha damu hewa nyembamba kwa kawaida huwa mita 2,000 na kuendelea, ambako figo hupata sababu ya kuagiza chembe nyekundu zaidi. Juma Ikangaa alizaliwa Dodoma akashinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Alphonce Simbu wa Singida alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025, akiwa na muda uleule wa 2:09:48 na Mjerumani aliyemfuata. Waliachana kwa sekunde 0.03. Ukitaka kumweleza Simbu kwa mwinuko peke yake, itabidi ueleze pia mbona kijiji kizima hakikukimbia naye. Wala hakuna jeni moja iliyopatikana ya kumaliza ubishi huo.

"Ukirudi utafungua kliniki"

Hapa watu wanaumia kweli. Shahada ya uzamili ya kinesiolojia haikufanyi mtaalamu wa fiziotherapia. Ile ni taaluma ya tiba, ina mafunzo yake hospitalini na leseni yake. Marekani, kwa mfano, ukisomea hukohuko ni lazima uwe na udaktari wa fiziotherapia kutoka programu iliyoidhinishwa, kisha ufaulu mtihani wa leseni. Ninayemjua alitumia miaka miwili na akiba ya familia akidhani amesomea kutibu migongo. Jina la kozi lilimpoteza na hakuna aliyemwambia mapema.

Kuhusu fedha, kosa ni kudhani uzamili ndio rahisi kupata ufadhili kwa kuwa ni mfupi. Marekani mara nyingi ni kinyume: uzamivu huja na kazi ya usaidizi wa kufundisha au utafiti inayobeba ada na posho, wakati uzamili wengi hujilipia. Na kwa viza ya mwanafunzi, kazi za chuoni zina kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati masomo yanaendelea. Chagua pia njia ya tasnifu kama unafikiria uzamivu baadaye. Ukitaka kukusanya data nyumbani, mradi wa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwa kibali cha maadili, juu ya kile cha chuo chako. Uweke kwenye ratiba kama msimu wa mvua, usiuweke kama wiki. Na cheti cha nje kipeleke TCU, tume ya vyuo vikuu, kitambuliwe kabla hujaanza kuzunguka na bahasha.

Mjomba naye hajanyamaza. Juzi alitaka kujua kama kusimama jikoni kutwa ni mazoezi. Nikamfunga kiunoni kifaa cha kuhesabu hatua, nikakipitia jioni. Namba ilikuwa ndogo kuliko alivyotegemea. Akakigeuza geuza, akakitikisa sikioni kama nazi.

"Hiki kibovu," akasema. "Kesho niletee viwili, kimoja nikivae, kingine nimvishe yule kijana wa chipsi."