DRM ni kitu gani, na kwa nini kitabu ulichonunua hakiazimiki

Juzi mdogo wangu yuko Wete kaniomba kitabu, nkamwambia hicho tu, nnacho kwenye simu, nkamrushia faili WhatsApp. Hazijapita dakika tano anapiga: "Kaka, mbona hakifunguki?" Kwake kimetokea kiboksi tu kinataka imeili na neno la siri. Imeili yangu mie.

Hiyo ndo DRM. Ni kufuli wanayotia wauzaji wa vitabu vya kielektroniki, yani faili limevurugwa makusudi lisisomeke, na programu ya kusomea hailifungui mpaka ihakikishe akaunti ni ya yule aliyelipa. Ukituma faili umetuma sanduku, ufunguo umebaki kwako.

Sasa kitabu cha karatasi nikishakilipia basi, changu, nampa mtu wa boti akishushe Mkoani, kesho kipo Wete, atakisoma yeye na jirani yake na kitarudi kina doa la mchuzi wa pweza au hakirudi kabisa (mara nyingi hakirudi, tusidanganyane). Hiki cha kwenye simu ukisoma yale masharti marefu tunayobonyeza "nakubali" bila kutazama, utakuta hukuuziwa kitabu, umepewa leseni, ruhusa ya kusoma, na ruhusa ina mwenyewe.

Na mwenyewe akitaka anaichukua. Mwaka 2009 Amazon waliingia kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, wakafuta nakala za riwaya ya 1984 ya George Orwell, ati aliyeziweka sokoni hakuwa na haki nazo, hela wakarudisha lakini watu waliamka kitabu hakipo. Kitabu chenyewe kinahusu serikali inayofuta maandishi, utacheka ulie. Halafu 2019 Microsoft wakafunga duka lao la vitabu, mwezi wa 7 vyote vikazimika, hata vile ulivyolipia. Hela walirudisha, na aliyekuwa kaandika maelezo yake pembeni kaongezewa dola 25.

Kuivunja kufuli je? Marekani sheria ya 1998 inakataza kuivunja, hata kitabu uwe umekinunua kwa jasho lako.

Waandishi siwalaumu, PDF za wizi zinavyozunguka kwenye magrupu tunazijua sote, mtu kaandika miaka mitatu hapati hata nauli ya daladala. Lakini mie naona kufuli inamtesa aliyelipa, mwizi yeye keshapata yake isiyo na kufuli zamani. Na si wote wanaotia, Tor, wachapishaji wa vitabu wa Marekani, waliitoa kwenye vitabu vyao 2012 na mpaka leo wanauza, kwa hiyo kabla hujalipa tafuta kama pameandikwa "bila DRM".

Mdogo wangu nimemwambia asubiri, nakuja Pemba wiki ijayo asome kwenye simu yangu. Kaniuliza, "Na simu utaniwachia?"